Lipu ya simiti imepukutika Malindi: tumwendee nani?

Msomaji ameandika hivi:

"Assalaam alaykum Maalim. Sisi ni ndugu wanne, tumerithi nyumba ya mzee wetu hapa Malindi, Mji Mkongwe, Zanzibar. Ni ya ghorofa mbili, mawe na chokaa. Miaka mitatu nyuma tulimwita fundi akabandua lipu ya zamani ukumbini, akapiga ya simiti na kupaka rangi ya mafuta. Ikang'ara, tukafurahi. Sasa lipu inavimba na kupukutika kutoka chini mpaka usawa wa kifua, na upande wa uchochoroni ukuta umeanza kutoa tumbo. Kaka yetu aliyeko Uingereza anasema kule zipo jumuiya za kusaidia waashi na majumba ya kale, hata za matofali peke yake. Kwetu zipo? Nani atatusaidia? Na mdogo wetu anayetaka kujifunza uashi wa zamani aende wapi?"

Waalaykumu salaam, mwanangu. Nitakujibu yote, lakini kwanza ondoka hapo ulipokaa uende kwenye ule ukuta wa uchochoroni. Teremsha timazi, ule uzi wenye uzito nchani, kutoka dirisha la juu mpaka chini, upime nafasi iliyopo baina ya uzi na ukuta pahala patatu: juu, kati na chini. Andika vipimo kwa penseli pamoja na tarehe. Pakiwa na ufa, bandika kipande chembamba cha kioo kuuvuka, kikamatwe kwa plasta ya jasi huku na huku. Kioo kikikatika baada ya siku chache, ujue ukuta unakwenda. Hapo suala la lipu limekwisha: watu wasilale chumba kinachoegemea ukuta huo, fundi atie miega ya kuushikilia, na mhandisi aitwe siku ile ile.

Sikutishi. Beit el-Ajaib, lililojengwa 1883 zama za Sayyid Barghash, lilianza kwa kumomonyoka sehemu moja mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, huku matengenezo yakiendelea, upande mkubwa wa jengo ukaporomoka na watu wawili wakafariki. Kama kasri la Sultani lenye macho yote ya dunia juu yake linaweza kufika hapo, nyumba ya urithi ya ndugu wanne, ambao kila mmoja anamngoja mwenzake atoe pesa kwanza, ina haki ya kuogopewa.

Kioo kikikaa salama wiki mbili tatu, tuzungumze.

Ukuta wako una unene wa nusu mita au zaidi, na ukiutazama utadhani ni mwamba mmoja. Sivyo. Una nyuso mbili za mawe ya matumbawe, ya ndani na ya nje, na baina yao pamejazwa mawe madogo, chokaa na udongo mwekundu. Jiwe la matumbawe lina matundu, kwa hiyo linanyonya maji: ya chini ya msingi, ya mvua, ya bomba la msala, yaani choo, wa jirani. Waliojenga walilijua hilo, wakauvika ukuta lipu ya chokaa ambayo nayo ina matundu, ili maji yaliyoingia yapate pa kutokea. Yanapokauka yanaacha chumvi kwenye lipu, lipu inachakaa, na baada ya miaka unapiga nyingine. Lipu ndiyo inayokufa ili jiwe liishi.

Fundi wenu alikuja na simiti akaziba mlango wa kutokea. Rangi ya mafuta ikaupiga komeo. Maji hayakukoma kupanda, ila hayakupata tena pa kukaukia, yakapanda zaidi yakitafuta penye upenyo. Ndiyo maana leo yamefika kifuani wakati mzee wenu pengine aliyajua magotini tu. Chumvi ikaganda nyuma ya lipu, chembe zake zikakua, zikaisukuma lipu nje pamoja na ngozi ya jiwe. Na katikati ya ukuta ule udongo ulioloa ukaanza kuteremka na kujikusanya chini, nyuso mbili zikaachana. Tumbo mnaloliona limetengenezwa hivyo, ingawa maji ya uchochoroni nayo lazima yana mkono wake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, kweli. Lakini wahenga hawakusema uzibe kwa simiti.

Na mimi sikuzaliwa nikilijua hili. Nilipokuwa kijana nilimpigia shangazi yangu simiti chumba kizima kule Kiponda, bure, kwa mapenzi, na nikajisifu mtaa mzima. Baada ya masika mawili aliniita. Hakunisema. Alinipa kahawa, akanionyesha unga uliokuwa ukimwagika kutoka kwenye ncha za boriti pale zinapoingia ukutani. Boriti za mikoko hazifi katikati, zinafia kwenye ncha, ndani ya ukuta ulioloa, usipoona. Tulibadilisha boriti saba. Tangu siku ile kila nikiona ukuta wa kale unaong'ara najiuliza nyuma yake kuna nini.

Sasa kaka yenu. Hakukudanganya. Uingereza wanayo SPAB, jumuiya ya kulinda majengo ya kale, aliyoianzisha William Morris na wenzake London mwaka 1877 kwa hasira ya kuona makanisa ya zamani yakikwanguliwa na kufanywa mapya kwa jina la matengenezo. Msimamo wao mpaka leo ni kwamba jengo litengenezwe pale palipoharibika, kwa kiasi kile kinachohitajika, na kilicho kizima kiachwe. Wanatoa ushauri, wanafundisha, na wana mpango wa kuwachukua mafundi wenye ujuzi na kuwazungusha kwenye majengo mbalimbali wajifunze kwa mafundi wengine. Ipo Building Limes Forum tangu 1992, ambayo mazungumzo yao yote ni chokaa. Ipo pia British Brick Society, tangu 1972, ya wapenzi wa historia ya matofali. Ndiyo, matofali tu. Hao hawatamtuma mwashi Malindi, wao wanataka kujua tofali lilifinyangwa wapi na kuchomwa vipi.

Ukitaka kujua kwa nini jumuiya za chokaa zilizaliwa kule, kumbuka saruji ya Portland ilitoka huko huko. Joseph Aspdin wa Leeds ndiye aliyeipatia hati ya ugunduzi mwaka 1824. Karne iliyofuata Waingereza waliipaka kwenye kuta za kale bila hesabu, mawe na matofali yakaanza kumenyeka, ndipo wakarudi kuwatafuta wazee waliokuwa bado wanakumbuka chokaa. Sehemu kubwa ya kazi ya jumuiya hizo ni toba. Na kanuni waliyorudi nayo ni ile ile ya mafundi wetu, iwe ni tofali au tumbawe: kinachounganisha kiwe laini kuliko kinachounganishwa. Kiungio kikiwa kigumu kuliko jiwe, jiwe ndilo litakalovunjika, na jiwe halibadilishwi kirahisi kama kiungio.

Kwa hiyo mwambie kaka ajiunge, asome, aulize, awapelekee picha za ukuta. Asije tu akatuma magunia ya chokaa kwa boti. Chokaa ya matumbawe tunayo. Tunachopungukiwa ni watu wanaoijua.

Kwetu je? Majina makubwa yapo na yamefanya kazi yenye kuonekana, lakini nikwambie mapema: hakuna hata moja litakalokupigia lipu ya ukumbi. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hilo linaleta heshima, linaleta masharti, linaleta wageni. Haliji na mfuko wa kutengeneza nyumba ya mtu. Mfuko wa Urithi wa Dunia wa Afrika, wenye makao Afrika Kusini tangu 2006, husaidia nchi na wasimamizi wa maeneo ya urithi. ICCROM ya Rome, taasisi ya kimataifa ya uhifadhi wa urithi, pamoja na UNESCO na CRAterre ya Ufaransa, wataalamu wa majengo ya udongo, waliendesha mpango wa Africa 2009 kuanzia 1998 mpaka 2009, na ulifundisha wengi barani, ila zaidi wale wanaosimamia urithi ofisini kuliko wanaoshika mwiko.

Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni umekaribia zaidi mlangoni kwako. Tembea kidogo tu kutoka kwenu mpaka Mizingani, ulitazame lile jengo la Zahanati ya Kale, la roshani za nakshi, ambalo Tharia Topan alianza kulijenga 1887 na likamalizika 1894 yeye akiwa ameshafariki. Walilichukua likiwa hoi wakalirudisha miaka ya 1990. Wao pia ndio walioshirikiana na Mamlaka ya Mji Mkongwe kuandaa mpango wa uhifadhi wa Mji Mkongwe wa mwaka 1994, na ndio walioifanya upya bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa tena 2009. World Monuments Fund ya New York, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, ilisimamia matengenezo ya Kanisa la Mkunazini, lile lililojengwa penye soko la watumwa lililofungwa 1873, na kazi hiyo ilikamilika 2016.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Kila mradi wa namna hiyo unaacha vitu viwili: bango na mikono. Bango linasema nani alitoa fedha, na baada ya jua la miaka mitano halisomeki. Mikono ni wale mafundi wa hapa hapa waliokesha wakichuja chokaa, wakajifunza kubadilisha ncha ya boriti bila kubomoa sakafu na kuondoa lipu bila kuumiza jiwe. Mradi ukiisha, mwenye fedha anaondoka na fundi anabaki. Anarudi Mwanakwerekwe, anarudi Jang'ombe, anajenga mabanda ya matofali ya saruji kwa sababu ndiyo kazi iliyopo. Huyo ndiye unayemtafuta. Usiulize "jumuiya gani ina fedha?" Uliza: "nani alipiga lipu ya pale, na yuko wapi leo?" Nenda ukasimame mbele ya jengo lililotengenezwa vizuri, ingia, salimu, umuulize mlinzi. Mji huu si mkubwa. Kwa kawaida mtu wa tatu unayemuuliza atamjua kwa jina.

Ukimpata mpe mtihani mdogo. Muulize atatumia nini. Akisema "chokaa, na simiti kidogo tu ya kukaza," mshukuru, mnunulie soda, endelea kutafuta. Ile simiti kidogo ndiyo inayorudisha ugonjwa. Akikuuliza yeye kwanza maji yanatoka wapi, mkamate huyo.

Kuna mlango mmoja ambao huwezi kuupita: Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyopo tangu 1985. Matengenezo yoyote ndani ya eneo la hifadhi yanahitaji kibali chao. Najua watu wanavyonong'ona kuhusu vibali, na wengi wenu mlipiga simiti usiku usiku ili msiulizwe. Ungekwenda kule kabla, mtu angekwambia usipige simiti, na ungeokoa fedha zako. Nenda sasa na picha, na vile vipimo vya timazi, na mchoro wa nyumba hata ukiwa wa mkono. Waulize nyumba yenu imeorodheshwa daraja gani, kwa sababu daraja ndilo linaloamua nini kinaguswa na nini hakiguswi. Waulize pia majina ya mafundi wa chokaa wanaowajua. Ukiwafikia kama mtu anayetaka kutengeneza sawasawa, utakuta mazungumzo ni mengine kabisa.

Kabla ya Mamlaka, lakini, kaeni ndugu wanne mjibu swali moja: nyumba ni ya nani kwenye karatasi? Nauliza kwa sababu Mji Mkongwe una nyumba za namna nyingi. Ziko za watu binafsi. Ziko za wakfu, chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Ziko za serikali, zilizochukuliwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na nyingi katika hizo familia zimekaa miaka mingi mpaka zinaziita zao. Ikiwa mirathi haijagawanywa kisheria, kibali kitakwama, na hata mfadhili akitokea hatajua amkabidhi nani. Nimeona nyumba nzuri zikianguka huku warithi wanane wakigombania mlango wa nakshi. Mlango uliuzwa. Nyumba haipo.

Kuna jumuiya za hapa nyumbani pia. Zanzibar Stone Town Heritage Society, jumuiya ya urithi wa Mji Mkongwe, ni ya raia wanaopenda mji huu. Iko Hifadhi Zanzibar, ambayo wengi wameisikia kwa ajili ya jengo la sinema la Majestic pale Vuga. Wafikirie kama sauti na ujirani. Fedha kwao usizitegemee, ila humo utakutana na mchoraji, na mhandisi aliyestaafu, na mama ambaye nyumba yake ilikuwa na tumbo kama lenu na akalitibu. Jiungeni. Ada ya uanachama ni rahisi kuliko mfuko mmoja wa simiti iliyopigwa pasipostahili, hiyo ni kauli yangu tu, wala sijaenda kuwauliza ada yao.

Kuhusu mdogo wenu nimefurahi kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo Mwanakwerekwe na Mkokotoni kwa Unguja, na Vitongoji kwa Pemba, na uashi unafundishwa. Aende. Atajifunza timazi, pima maji, kusoma mchoro, kupandisha kona. Lakini ajue kwamba uashi wa chuoni ni wa matofali ya saruji, kwa kuwa ndio unaoajiri. Akitaka kusonga mbele upande wa ujenzi ipo Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, Mbweni. Uashi wa mawe na chokaa ataupata kwa kushika ndoo ya fundi mzee. Chuo kimpe hesabu, fundi ampe kiganja.

Darasa la kwanza ni la bure. Apande daladala ya Bububu ashuke Maruhubi, kwenye magofu ya kasri la Sayyid Barghash lililoungua 1899. Asitazame nguzo zinazopigwa picha. Atafute pahala ambapo ukuta umevunjika, asimame mbele ya kidonda chake: ataona uso wa nje, uso wa ndani, na ule mchanganyiko wa kati. Akipata nauli ya boti aende Pemba, Ras Mkumbuu, akaone kuta za msikiti ambazo hazina paa tangu karne na karne na bado zimesimama. Au Kizimkazi Dimbani, kwenye kibla chenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, yaliyochongwa kwenye tumbawe kama mtu aliyechonga sabuni. Tumbawe hilo huchongwa likiwa bado bichi, limetoka baharini, kwa kuwa likikauka linakuwa gumu. Magofu yako chini ya Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, kwa hiyo macho yaguse, mikono isiguse.

Darasa la pili ni tanuu. Chokaa ya zamani ilichomwa kwa kupanga magogo duara, mawe ya matumbawe yakapangwa juu, moto ukatiwa katikati. Jiwe likipata moto mkali wa kutosha, kiasi cha nyuzi 900 hivi, linatoa hewa ya kaboni liliyoishikilia na kugeuka chokaa mbichi, nyepesi, yenye njaa ya maji. Ukiimwagia maji inachemka. Na inachemka kweli: mdogo wenu asiikaribie bila miwani na glovu, kwa sababu chokaa ikiingia jichoni inapofusha. Ikishapoa huchujwa na kulazwa ndani ya maji, wiki kadhaa kwa uchache, na miezi ikiwezekana. Kadiri inavyolala ndivyo inavyolainika, mpaka inakuwa kama siagi. Ukutani inarudi safari yake: inanyonya tena hewa ile ile ya kaboni na kugeuka jiwe polepole. Kwa hiyo lipu ya chokaa unayoiona leo ni tumbawe lililokufa kwa moto na kufufuka kwa hewa. Mtu asiyelijua hili ataona fundi anamwagia maji ukuta uliokwisha pigwa lipu na kusema ni mvivu anayepoteza siku.

Darasa la tatu ni ukumbi wenu. Acha nieleze kazi yenyewe ili msije mkadanganywa. Anzeni juu. Gata, mlizamu, bati, bomba za msala wa ghorofani, miti iliyoota ukutani na mizizi yake. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilijengwa kwa familia moja, zikaja kugawanywa kwa familia nne tano, kila mmoja akajitilia bomba lake. Siku hizi bomba hizo zinaloanisha kuta kuliko mvua. Mkipiga lipu kabla ya kuziba maji mtakuwa mnamvisha nguo mtu aliye ndani ya kisima.

Kisha simiti iondolewe kwa patasi na nyundo nyepesi, vipande vidogo vidogo, kwa upole. Fundi akija na nyundo kubwa mrudishe. Penye tumbo pasiguswe bila mhandisi, kwa sababu wakati mwingine ile simiti ndiyo inayoushikilia ukuta, na ukiibandua kwa pupa ukuta unakuja nayo. Uchi huo wa ukuta uachwe ukauke, wiki kwa wiki, madirisha wazi. Chumvi itatoka kama unga mweupe. Ifagiliwe kavu, isioshwe, kwani maji yanairudisha ndani.

Lipu yenyewe ni kipimo kimoja cha chokaa iliyolala kwa vipimo vitatu vya mchanga, pengine viwili na nusu mchanga ukiwa mwembamba. Mchanga usiwe wa ufukweni. Mtakuwa mmeifukuza chumvi mlangoni na kuikaribisha dirishani. Mashimo makubwa yatomewe kwa vipande vya matumbawe, siyo kujazwa lipu nene. Kila tabaka lisizidi sentimita moja, likazwe kwa mwiko, lifunikwe magunia yaliyoloa kwa siku kadhaa, likae kabla ya kufuatiwa na jingine. Juu kabisa mkitaka raha ya macho pigeni niru, ile chokaa laini inayosuguliwa mpaka inateleza, kisha rangi ya chokaa. Rangi ya mafuta msiilete tena. Wala sakafu ya zege juu ya boriti zilizochoka. Ni mzigo ambao kuta hizo hazikuahidiwa, na vyuma vilivyomo ndani, kwa hewa yetu ya chumvi, vinapata kutu, vinavimba na kupasua zege lenyewe. Boriti ikioza ncha ibadilishwe boriti, kwa miti iliyokatwa kwa kibali.

Mtaniuliza gharama. Inategemea ukuta, na mtu anayekutajia bei kabla ya kubandua hata kipande kimoja anabahatisha. Ila msitengeneze nyumba nzima. Chagueni ukuta mmoja, mpeni yule fundi mzee, na mdogo wenu awe kibarua wake rasmi, alipwe na nyinyi ndugu watatu. Mtakuwa mmejenga chuo kidogo ndani ya ukumbi wa mzee wenu, na ukuta wa pili utakuta nyumbani kuna mikono tayari.

Na angalieni kalenda. Chokaa haipendi mvua ya kupiga wala jua la kaskazi linaloikausha kabla haijashika. Masika yanaanza Machi, kwa hiyo gata na bomba ziwe zimemalizika Februari, na chokaa inunuliwe wakati huo huo ilazwe kwenye pipa, ifunikwe kwa maji, pahala watoto hawafiki. Mvua zikiwa zinapiga, wewe panda ghorofani na tochi ukaangalie maji yanaingilia wapi, uchore mshale kwa penseli. Karatasi za mirathi na kibali vifanyiwe kazi kipindi hicho. Kipupwe kikiingia, mwezi wa sita au wa saba, ndipo mfungue pipa.

Niandikie wakati huo, na unitajie vipimo vya timazi.